Ziko, Zipo, Zimo

Jumanne ya kwanza, saa kumi kasorobo,
Mwanatumu Famau alisimama mlangoni pa ofisi ya maji,
viatu vyake bado vina mchanga wa Kiunga,
akauliza: Karatasi za kikao ziko wapi?
Tukamjibu kwa pamoja, bila hiana:
Ziko.

Hatukumdanganya. Zilikuwako.
Mtu aliyezaliwa Mkomani haulizi njia:
hupita ukuta uliotoboka, huinama penye wikio,
hupinda kwa pua, harufu ya halua ikimwita, na amefika.
Faili zetu nazo tulizijenga vivyo hivyo,
vichochoro visivyo na kibao,
na mimi karani wao, mwaka wa kumi na tisa.

Basi akakaa. Tukasema "kipimo kile cha zamani",
tukasema "fungu la pili", "ule mchoro wa marehemu Shekuwe",
"tufanye kama mwaka ule",
na vichwa vikaitikia, isipokuwa kimoja.
Vikao vitatu hakunena neno.
Nikaandika katika kumbukumbu: Mjumbe mpya, hana hoja.
Mungu anisamehe wino huo.

Kisha kisima cha nane kikaanza kutoa maji ya chumvi.
Mwenyekiti akataka vipimo vya miaka kumi,
nami, mwenye ufunguo, mwenye kujua,
nikapekua tangu adhuhuri hadi taa zikawashwa.
Havikuwamo katika Visima.
Havikuwamo katika Chumvi.
Vilikuwamo katika Mengineyo,
kati ya risiti ya biskuti na barua ya kuazima viti vya harusi.

Yeye alikuwa kando, ameshika tochi ya simu.
Hakucheka. Alinionyesha daftari lake:
kurasa nne za maneno yetu, kila moja na kiulizo chake.
Kipimo kile, kipi?
Mwaka ule, upi?
Nikasoma kama mtu anayesomewa mashtaka
kwa mwandiko mzuri.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hatusemi aingilie wapi.

Ijumaa baada ya swala tulimwaga makabati sakafuni.
Kwa kila karatasi aliuliza swali moja tu:
Mtu aliyefika jana angeiita nini hii?
Nikasema, K.M.S. mbili B.
Akasema, Hapana, aliyefika jana.
Nikafikiri, jasho likinishuka masikioni.
Chumvi ya visima vya Shela, mwaka hadi mwaka?
Akaandika hayo, kwa herufi kubwa, hayo tu.

Aboud Shee, mweka hazina, hakupendezwa.
"Sisi tulihangaika tukajua. Nao wahangaike."
Sikumjibu, maana hoja hiyo ilikuwa yangu pia,
ila yangu niliivika tabasamu.
Miaka yote hiyo watu wamenijia,
"Karani, tusaidie," nami nikiinuka kwa madaha, pole pole,
funguo zikilia kiunoni.
Nani hapendi kuwa mlango?

Sasa kuna rafu, kimo cha kiuno, kuliani ukiingia.
Ajenda ya Jumanne hukaa hapo tangu Ijumaa,
na ramani ya mabomba nyuma yake.
Karatasi ya juu inasema: Umefika leo? Anza na hii.
Inayofuata inafafanua maneno yetu,
na "mwaka ule" umepata tarakimu zake.
Karatasi zipo.
Ukifungua jalada, zimo.

Jana kijana wa Matondoni, fundi, wiki yake ya kwanza,
aliingia, akasalimu, akachukua jalada, akaketi.
Nilijitayarisha. Hata nilikohoa.
Hakuinua macho.
Alipolirudisha alisema, kwa adabu,
"Ukurasa wa saba mmejumlisha vibaya."
Tulikuwa tumejumlisha vibaya miaka mitano.

Limebaki kabati la ghorofani, la michoro ya mwanzo.
Asubuhi hii Mwanatumu ameulizia ufunguo,
nami nikamwambia,
kabla sijaushika ulimi,
Uko.